Pamba Haichemki Chunguni

Mwabulugu, Magu
8 Oktoba 1995

Kaka Elias,

Shikamoo. Ukishaitikia, tafuta kiti, maana barua hii haisomwi mtu akiwa amesimama.

Mama mzima. Ng'ombe wazima. Mimi ndiyo usiulize: juzi kwenye mazoezi ya Wagobogobo, kundi letu la kulima kwa ngoma, nilirusha jembe juu, likapinduka mara mbili hewani, nikalidaka mpini bila kulitazama. Wasichana watatu walishuhudia. Mmoja wao ni bibi yake Chenge, mkubwa wetu wa kundi, lakini hata bibi ana macho.

Sasa nije kwenye jambo. Kaka, shamba limechoka. Baba alikuwa akipanda pamba, mwaka unaofuata mtama, halafu viazi, halafu karanga, anageuza mazao kama mtu anayegeuza chapati isiungue. Tangu atuache, amri yako imekuwa moja: pamba, pamba, pamba. Ya msimu uliopita ilinifika magotini, na mimi siyo twiga. Mahali pekee palipopendeza ni kile kipande cha mama cha karanga. Nchi nzima imeingia vyama vingi, watu wanapiga kura mwezi huu huu. Ni shamba letu tu lililobaki na chama kimoja.

Ombi langu: niligawe vipande vinne. Pamba iende kwenye kipande cha mama, maana karanga huuacha udongo na nguvu kuliko zilivyoukuta. Mtama uende palipokuwa na pamba. Hapa nikufundishe bure. Unalikumbuka gugu la kiduha, lile lenye maua mazuri ya zambarau linalonyonya mizizi ya mtama hadi mtama unakonda kama mgonjwa? Mbegu zake hulala ardhini miaka na miaka zikingoja. Ukipanda pamba, kiduha kinadanganyika, kinaamka, kinautafuta mtama, kinaukosa, kinakufa. Ni kama mlafi aliyesikia harufu ya pilau akakimbilia harusini, akafika sufuria zimeshaoshwa. Basi mwaka unaofuata ukileta mtama, mlafi hayupo.

Kipande cha tatu nipande karanga na ndugu zake wa jamii ya kunde, cha nne viazi. Kila mwaka kila zao linasogea kipande kimoja, kama wagonjwa kwenye benchi la zahanati. Viwavi na magonjwa ya pamba vikija mwakani vinakuta aliyekaa pale siye viliyemzoea.

Haya yote nilijifunza kwenye shamba la shule, kabla shule haijaamua kwamba najua vya kutosha na kunirudisha nyumbani kidato cha pili.

Jibu haraka. Mvua haingoji posta.

Mdogo wako kwa kuzaliwa, mkubwa wako kwa jembe,
Shigela


Butimba, Mwanza
21 Oktoba 1995

Shigela,

Marahaba. Barua yako amenisomea shemeji yako Adoyo, miguu yangu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto. Sisi tunaokata minofu ya sangara kiwandani tunasimama kwenye maji ya barafu tangu alfajiri. Sina nafasi ya habari za chapati.

Sikiliza. Zamani tulipeleka pamba ushirika tukangoja malipo hadi tukasahau tuliuza nini. Sasa soko ni huria. Malori yanagombania. Unapima, unashika chako mkononi siku hiyo hiyo. Wakati kama huu mwenye akili anapanda pamba hadi mlangoni. Jirani yetu Nkwabi ameelewa, na yeye hata hicho kidato cha pili hakukiona.

Nimekutana na Antoni, wakala wa wanunuzi. Analitaka shamba la baba. Anataka kulikodi misimu mitano, alime pamba tupu, na wewe atakuchukua uwe kibarua wake. Nimemwambia angoje nione msimu huu. Kwa hiyo ni hivi: shamba lote pamba, pamoja na kipande cha mama. Kihenge toeni nafaka, kiwe tayari kwa pamba. Nikija mavuno nikakuta shamba jeupe, linabaki mkononi mwako. Nisipolikuta jeupe, anachukua Antoni.

Usinione mkali. Nataka mama alale chini ya bati, asiwe anahamisha kitanda kila mvua inaponyesha. Hicho ndicho kinachonisimamisha kwenye barafu.

Kaka yako,
Elias


Butimba
26 Oktoba 1995

Shem Shigela,

Hujambo, mrusha majembe? Kifurushi hiki amekuja nacho kondakta wa basi la Magu. Ndani kuna choroko za kwetu Shirati. Kaka yako anajua nimemtumia mama choroko. Hakuuliza kama ni za kupika au za kupanda, na mimi simjibu mume swali ambalo hajaniuliza.

Kwetu tunazipanda kwenye mvua za kwanza, na kabla ya miezi mitatu kwisha umeshazivuna. Zilituvusha kila mwaka wakati mahindi bado mabichi na akiba imekwisha.

Kama mtazipika, zipembueni, zina vijiwe. Kama hamtazipika, sitaki kujua.

Mwambie mama namwamkia.

Shemeji yako asiyejua lolote,
Adoyo


Mwabulugu
19 Januari 1996

Kaka Elias,

Shikamoo, na ushike kofia yako!

Shamba limejaa. Haki ya Mungu, hapana hata pa kuweka unyayo. Mvua imekuja kama iliyoitwa kwa jina. Watu wakipita njiani wanasimama, na mimi nikiwaona wamesimama nami nasimama, ili wasije wakadhani limejilima lenyewe. Pamba yenyewe ina majani mapana kama masikio ya ndama, na shina nene kama kidole gumba cha Chenge, yule unayemjua, aliyewahi kung'oa bawaba ya mlango wa kanisa akidhani umejifunga. Maua ya njano yametapakaa mpaka chini kabisa, ukiinama ndiyo unayaona. Na tumeshaanza kuvuna!

Kihenge nacho si kitupu.

Ulitaka jeupe. Jeupe utaliona, wewe njoo tu na macho yako yote mawili. Ukiona na rangi nyingine pembeni usishtuke, hata bendera ya taifa haikuridhika na rangi moja.

Mama anakusalimu. Anasema ujifunike vizuri kwenye hiyo barafu yako.

Fundi wako,
Shigela


Butimba
30 Januari 1996

Shem,

Nimeona waongo ziwani na nchi kavu, sijaona mwongo mbovu kama wewe. Pamba gani inavunwa Januari? Na maua gani ya pamba yanakaa chini kabisa mpaka mtu ainame? Hizo ni karanga, na mlichovuna ni choroko zangu.

Shukuru Mungu mimi ndiye msomaji wa nyumba hii. Kaka yako akiingia hapa anaweka miguu kwenye beseni na kufumba macho, mimi nasoma. Mistari ile niliiruka. Mahali pake nikasoma salamu za mama mara ya pili, na kaka yako akasema, "Mama siku hizi ananipenda kweli."

Lakini shem, utani tuuweke kando kidogo. Amewatangazia wenzake kiwandani kwamba ana shamba jeupe hadi ziwani. Usingizini anataja bati. Nikimtazama najiuliza kama ninamsaidia au ninamchimbia shimo. Niambie ukweli wote: pamba ni kiasi gani? Usiponiambia, barua ijayo naisoma kama ilivyo, pamoja na nukta zake.

Adoyo


Mwabulugu
14 Februari 1996

Shem wangu Adoyo, malkia wa choroko,

Wabeja! Asante, wabeja mara mia! Nitakwambia ukweli wote, lakini kwanza ngoja nipumue, maana yaliyotokea huku wiki hii yangetokea Mwanza mjini yangetangazwa redioni.

Ukweli: pamba ni kipande kimoja kati ya vinne. Mama alikubali. Alisema, "Sikumzaa Elias ili aje aninyang'anye karanga." Basi nikafanya kama nilivyomwandikia kaka mwanzoni. Pamba kwa mama, mtama palipokuwa na pamba, viazi, na kipande cha karanga na choroko zako. Choroko tumezivuna, zimo kwenye kihenge. Ndiyo maana niliandika si kitupu. Mimi sidanganyi, shem, mimi nafupisha.

Sasa sikia. Mwezi huu magugu yamekuja na hasira. Palizi ikichelewa wiki mbili tu, pamba inamezwa. Na palizi ya haraka huku ni Wagobogobo: vijana zaidi ya ishirini kwenye mstari, ngoma nyuma, majembe yanapanda na kushuka pamoja, shamba linakwisha kabla hujachoka kutazama. Hatulipwi. Tunalishwa. Mwenye shamba anapika, na sheria ya Chenge, mkubwa wetu, ni moja: ngoma haiingii kwenye boma lisilotoa moshi.

Nkwabi ndiye aliyetangulia kutuita. Shem, Nkwabi amepanda pamba mpaka mlangoni kama kaka alivyosifu. Kuku wake wanatembea mmoja mmoja, njia haitoshi. Viazi aling'oa. Kihenge alikifagia kiwe cha pamba. Tukafika na ngoma yetu, tukanusa. Hakuna moshi.

Chenge akamuuliza, "Mzee, jiko liko wapi?"

"Limeni kwanza, vijana wangu. Mtakula pamba ikiuzwa."

"Itauzwa lini?"

"Julai."

"Leo ni Februari, mzee."

"Kijana mwenye nguvu hawezi kuvumilia?"

Chenge akavua kofia kwa heshima zote, akasema, "Nkwabi, mzee wetu, pamba haichemki chunguni." Akageuza ngoma.

Nkwabi akakimbilia mnadani kutafuta mahindi. Akakuta kila mtu amekwenda kutafuta mahindi, maana kila mtu amepanda pamba! Wenye mahindi wanataja bei huku wanatazama mawingu. Akarudi na debe moja. Debe moja, shem, kwa vijana wanaokula kama Chenge! Hata kuku wake wangeandamana.

Basi mimi nikapanda juu ya kinu ili nionekane, nikasema, "Kesho kwetu!"

Mama alipika usiku kucha kama anaoza binti. Choroko zako kwenye chungu kile kikubwa. Ugali wa muhogo. Michembe, vile viazi vyetu vilivyokaushwa, alivyokuwa amevificha chini ya kitanda kaka alipoamuru kihenge kiwe wazi. Dagaa za ziwani. Moshi ulipanda ukaonekana mpaka kijiji cha pili, na Wagobogobo wakaja hata wale waliokuwa wagonjwa.

Tulilima! Pamba ilikwisha jua halijafika utosini. Wakala, wakanywa maji, Chenge akasema tumbo hili haliwezi kulala na deni la wema, wakaingia kwenye mtama bila kuombwa. Na wimbo wakautunga papo hapo:

Nkwabi kapanda pamba hadi kitandani,
Akiamka asubuhi apalilia godoro!

Mimi nilirusha jembe likapinduka mara tatu. Halikuanguka. Haya, lilianguka, lakini lilianguka vizuri.

Unajua nani alipita "kusalimia tu" wakati chungu kinaepuliwa? Nkwabi mwenyewe. Alisalimia sahani mbili.

Halafu mtama, shem! Nimeuzunguka wote nikitafuta kiduha. Nilichokipata hakitoshi hata kumtengenezea bibi harusi shada. Mwalimu alisema kweli, na mimi nilisikiliza kweli, ingawa siku hiyo nilikuwa nimepigishwa magoti nje ya darasa na nilisikia kupitia dirishani.

Nisaidie mpaka Mei. Pamba ikipasuka kaka ataona mwenyewe. Akijua sasa hivi, Antoni anachukua.

Shemeji yako, mfupishaji,
Shigela


Butimba
9 Mei 1996

Shigela,

Nakuja Jumamosi tarehe 18. Antoni ananileta kwa lori lake, na mkataba ameshaupiga chapa. Nimechoka kusikia, nataka kuona. Nikiona weupe, namwomba radhi tunaachana. Nisipouona, anatia sahihi pale pale shambani na mimi natia yangu.

Halafu barua zako zina salamu za mama nyingi mno.

Elias


Mwabulugu
13 Mei 1996

Shem!

Mzuie! Mwambie sangara wameongezeka! Mwambie mabeseni yameadimika Magu!

Basi, usimzuie. Aje. Siogopi. Mwandiko ukiona unatetemeka ni kalamu, wino wake umeshikwa na baridi.

Shem, nitakwambia wewe tu. Kaburi la baba liko pembeni ya kipande cha mtama. Antoni akichukua, hapo nitapita asubuhi na jembe la mtu mwingine begani, nikiulizwa na baba "Umelima nini mwaka huu?" nitamjibu "Nimelimishwa." Sitaki. Nimezoea kumjibu kwa majivuno.

Pamba imeanza kupasuka. Ni nyeupe mpaka inauma macho. Lakini ni kipande kimoja, na kaka anakuja kuona vinne. Kuna mtu anajua namna ya kufanya mtama uonekane mweupe?

Shigela


Mwabulugu
21 Mei 1996

Mke wangu Adoyo,

Usishangae kuona barua badala yangu. Lori la Antoni limezama matope ya mbugani, mvua ya kuagia msimu imetukamata hapa leo siku ya nne. Nampa barua hii mwenye baiskeli anayekwenda Magu.

Nianze mwanzo. Jumamosi tukiwa bado barabarani niliona shamba limejaa magugu, vijitone vyeupe huku na huku kama vinyesi vya ndege kwarara. Nikamwambia Antoni, "Huyo ni mvivu wa kijiji." Kumbe lilikuwa la Nkwabi. Mbele yake nikaliona letu. Kwanza weupe, Adoyo, weupe mzito kama wingu lililoshuka kupumzika. Moyo ukaruka. Halafu wingu likakatika. Palipofuata pana mtama, vichwa vyekundu vinaning'inia. Halafu viazi. Halafu udongo mtupu uliokwisha kuvunwa kitu. Na katikati ya pamba amesimama Shigela kavaa shati lake jeupe la shule, nadhani ili aongeze weupe.

Nilishuka na mkanda mkononi. Sikumchapa, kwa sababu mama alikuwa amesimama mbele yake na mwiko.

Antoni yeye alitupita. Aliingia kwenye pamba akawa anapasua vitumba kimoja kimoja, ananusa, anavuta nyuzi. Akatoka, akasema, "Hii ni daraja la kwanza. Sijaona vitumba hivi tangu Januari nianze kuzunguka. Elias, nipe shamba lote, nilifanye lote hivi." Akachomoa kalamu. Ndipo mvua ikashuka, kalamu ikarudi mfukoni, na lori likaanza kuzama.

Antoni ana wapakiaji watatu na dereva. Njaa ikauma. Wakaenda kwa Nkwabi, mkewe akawapa maji ya moto, akaomba radhi kwamba hana majani ya chai. Wakaenda kwa wa pili, wa tatu, kila boma pamba mlangoni na hakuna kitu jikoni. Jioni wakarudi kwa mama wamelowa. Mama akawapakulia. Kesho yake wakala tena. Nkwabi naye akaja kuwapa pole, akawapa pole mpaka sahani ikaisha.

Leo mchana tumekaa kukizunguka chungu, pamoja na Nkwabi na Chenge, Antoni akatoa mkataba tena. Nilishika kalamu yake, Adoyo. Nilikuwa naiona bati. Halafu nikatazama sahani yangu, nikamuuliza, "Ukipanda pamba tupu shamba lote, vijana wa palizi utawalisha nini?"

"Nitanunua chakula."

"Kwa nani?"

Akamtazama Nkwabi. Nkwabi akakitazama chungu. Shigela akamsogezea Antoni bakuli la choroko taratibu, kama mtu anayesogeza kete ya bao. Mama ndiye aliyeanza kucheka. Halafu Chenge. Halafu Antoni mwenyewe, alicheka mpaka akapaliwa, wapakiaji wake wakampiga mgongoni. Alipopata pumzi akakunja mkataba akasema, "Pamba nitanunua. Shamba laleni nalo wenyewe."

Nimekipima kile kipande kimoja, waliyokwisha kuchuma na iliyobaki mitini. Kinakaribia nusu ya tuliyoipata mwaka jana shamba zima. Na mtama bado umesimama, na karanga zimo ndani, na mama hajanunua hata kibaba. Mimi mwaka jana nilituma hela ya unga mara ngapi? Wewe unakumbuka. Nilikuwa nauza pamba huku nanunua ugali kwa pamba hiyo hiyo.

Kesho Wagobogobo wanalivuta lori kwa ngoma. Wamesema baada ya kula.

Jambo la mwisho. Choroko hizi nilizijua kwa kijiko cha kwanza. Hizi ndogo zinazong'aa ni za kwenu Shirati. Nikirudi, naweka miguu kwenye beseni, na wewe unanisomea barua zote upya, bila kuruka mstari.

Mumeo,
Elias


Mwabulugu
2 Septemba 1996

Kaka Elias,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Tatu kwa mpigo, nina furaha.

Bati zimefika! Hazikutosha nyumba nzima, usinikaripie, tumeanza na upande wa kitanda cha mama. Jana kulinyunyiza kidogo, akalala pale pale akisikiliza, hakusogeza hata mto. Asubuhi akasema zinapiga kelele kama Shigela. Upande wa pili tutaumalizia mwakani, na pamba haitakuwa peke yake kwenye kazi hiyo: karanga zilizobaki walimu wa shule wamezigombania kama malori yanavyogombania pamba.

Masalia ya pamba nimeng'oa na kuchoma yote, viwavi wakirudi wasikute hata kiti. Sasa benchi linasogea. Pamba inahamia palipokuwa na karanga na choroko. Mtama unachukua palipokuwa na pamba. Viazi vinakwenda palipokuwa na mtama, na karanga palipokuwa na viazi. Udongo wa kipande cha karanga nimeushika mkononi, kaka, mweusi, laini, unataka kuliwa. Subiri uone pamba ya msimu ujao. Ya msimu uliopita ilikuwa mazoezi.

Nkwabi alikuja kuomba mbegu ya choroko. Nilimpa, lakini kwanza nilimwambia auimbe ule wimbo wa godoro mbele ya Wagobogobo. Aliuimba. Ana sauti nzuri kuliko Chenge, na mwisho akaongeza ubeti wake mwenyewe wa kunitukana mimi na jembe langu lililoanguka. Nimemchukia na nimempa mbegu kopo zaidi.

Nilipita kwa baba. Nilimwambia nimelima vinne. Nilimwambia na wewe ulikuwepo.

Mdogo wako, mkulima wa vyama vingi,
Shigela


Butimba
18 Septemba 1996

Shigela,

Marahaba moja tu, zingine urudishe.

Shemeji yako amenisomea barua zote za nyuma. Ule mstari wa kuvuna Januari nilicheka mpaka maji ya beseni yakamwagika. Ukitaka kunidanganya tena, danganya kama mtu aliyezaliwa kwenye pamba.

Wenzangu kiwandani wameniuliza habari za shamba jeupe hadi ziwani. Nimewaambia lina rangi nne kama bendera. Mmoja wao wa Kwimba, ambaye baba yake naye amebaki na pamba tupu, ameniomba anwani yako. Usimtoze kitu na usimrushie jembe.

Nimeomba likizo. Nimeipata Februari, wakati wa palizi. Nitakuja na Adoyo, na Adoyo anakuja na mbegu. Mwambie Chenge aniachie nafasi kwenye mstari. Ni muda mrefu sijashika mpini, na mikono yangu imekuwa laini kwa maji ya samaki, kwa hiyo waambie wasipige ngoma haraka. Jembe nitarusha mara moja tu, mbali na wasichana wako na mbali na bibi yake Chenge.

Wewe na mama wekeni chungu jikoni mapema. Nataka nikiwa bado barabarani, kabla sijaona rangi yoyote ya shamba, niuone kwanza moshi.

Kaka yako,
Elias